Macho Yaliyofungwa Kiwandani

Tangu mavuno ya alizeti yaanze nina swali ambalo haliniachi, na nimeona nililete hapa kwa sababu kila ninayemuuliza ananijibu haraka mno. Swali lenyewe ni hili: umenunua kitu, ukaja kugundua kwamba aliyekitengeneza aliweka ndani yake uwezo mkubwa kuliko aliokuuzia, halafu akaufunga makusudi. Ukiufungua, umemwibia?

Majibu ya haraka ni mawili. La kwanza: umenunua, ni chako, fungua. La pili: ulilipia nusu, kula nusu yako unyamaze. Nimeyasikia yote mawili hapa Singida, tena kutoka kwa watu wenye akili zao, na yote mawili naona yanaruka jambo fulani.

Kitu chenyewe ni kamera ya joto. Msomaji ambaye hajaiona asihangaike sana, maana kanuni yake ni ya zamani. Mwaka 1800 William Herschel aliuchambua mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho halioni kitu chochote, na kipimajoto kikapanda. Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi hiyo tusiyoiona: jiwe, mbuzi, chungu, mtu. Kamera ya joto inaikusanya na kuigeuza kuwa picha. Wengi wetu tulizisikia mwaka 2016, shirika la WWF lilipotangaza kwamba kamera hizo zinatumika Maasai Mara kuwasaka majangili usiku. Lakini kazi yake kubwa wala haina sinema ndani yake. Mafundi umeme wanaitumia kutafuta nati iliyolegea.

Nati ikilegea, umeme unapita kwa taabu, na pale unapopita kwa taabu panapata joto. Joto linailegeza zaidi. Hakuna moshi, hakuna harufu, breka haikatiki. Miezi inapita. Sasa weka paneli hiyo ndani ya kinu cha kukamua alizeti, ambako mota za fezi tatu zinatetemesha ukuta mchana kutwa, vumbi la maganda limetanda, mafuta yamelowanisha sakafu, na pembeni pamerundikwa magunia ya mashudu. Anayeijua Singida anajua kwamba vinu vya namna hiyo ndivyo vinavyowalipia watoto wengi ada. Moto ukishika hapo haungui ukuta tu.

Mpwa wangu ni fundi umeme na anakagua vinu. Alinunua kamera iliyotumika, ya daraja la chini kabisa, na mwaka huu anajiuliza kama aiboreshe. Njia anazoziona ni tatu: auze hiyo na kuongeza fedha apate ya juu, abaki nayo ilivyo, au aifungue. Sitaitaja kamera yake ni ya nani, maana jina si hoja. Inatosha kwamba ameona video ya mtu akibadilisha faili moja ndani ya kamera kama yake, na picha ikageuka kutoka ukungu kuwa picha. Akanipigia. "Mjomba, wewe ndiye unayesoma vitabu. Hii ni halali?"

Nilianza kwa kumsimulia kisa kinachojulikana zaidi. Mwaka 2013 kampuni ya FLIR ya Marekani ilitoa kamera iitwayo E4, kwa takriban dola 1,000, bei ambayo wakati huo ilikuwa ya chini kwa kweli. Picha yake ya joto ilikuwa na nukta 80 kwa 60. Ndugu yake, E8, alikuwa na nukta 320 kwa 240 na bei iliyozidi hiyo mara kadhaa. Kabla mwaka haujaisha, mafundi wa elektroniki waliifungua E4 wakakuta ndani yake kihisio kilekile cha nukta 320 kwa 240. Kilichozitofautisha kamera hizo mbili katika uwezo wa kuona kilikuwa maandishi ndani ya programu, yanayoiambia ile ya bei rahisi isione vizuri. Ukiyabadilisha maandishi, inaona. Methali yetu inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kizuri kilikuwa kimefungiwa ndani, na mwenye duka alilipa watu wakifungie.

Jambo hilo si geni kwenye biashara. Mwaka 1991 Intel waliuza chipu za 486SX ambazo zile za mwanzo zilikuwa na sehemu ya hesabu iliyozimwa; ile ya bei kubwa ilikuwa chipu ileile ikiwa hai. Mwaka 2017, kimbunga Irma kilipoelekea Florida, Tesla waliwafungulia kwa muda wenye magari fulani sehemu ya betri ambayo hawakuwa wameilipia, ili wafike mbali zaidi. Siku zote walikuwa wakiendesha huku wameibeba, uzito wake na yote. Nilipomwambia mpwa wangu habari hiyo alicheka, kisha akauliza swali zuri kuliko yangu: kumbe huwa wanajua lini kufuli inaua?

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria habari ya wizi nikaanza kufikiria habari ya mita.

Nitaeleza kwa hesabu, na anayechoka na hesabu anivumilie kwa aya hii moja. Nukta 80 kwa 60 ni nukta 4,800. Nukta 320 kwa 240 ni 76,800, yaani mara 16. Kwa lenzi pana kama ya E4, ukisimama mita moja kutoka kwenye paneli, kila nukta ya picha hafifu inabeba eneo la karibu sentimita moja. Ukisimama mita tatu, inabeba sentimita tatu. Nukta haina akili ya kuchagua; inachanganya joto lote lililomo ndani ya eneo lake na kukupa wastani. Kichwa cha skrubu chenye moto, kikizungukwa na bati lililopoa, kinatokea kuwa vuguvugu, kama ulivyomimina kikombe cha chai ya moto kwenye ndoo ya maji. Fundi anaandika "sawa". Hakudanganya. Kamera ilimwonyesha usawa.

Dawa yake ni kusogea, na hapo ndipo penye shida. Paneli haiwezi kukaguliwa ikiwa imezimwa, kwa sababu kiungio kibovu kinapata joto pale tu mzigo unapopita. Kwa hiyo mlango wa paneli uko wazi, mota zinaunguruma, fezi tatu ziko hai mbele ya uso wako, na wewe unasogea. Mwenye kamera nzuri anapata undani uleule akiwa mbali mara nne. Pale mpwa wangu anaposimama nusu mita, mwenzake wa kamera ya bei kubwa anasimama mita mbili. Umeme ukiruka kwa shoti, tofauti ya nusu mita na mita mbili si tofauti ya ubora wa picha.

Kwa hiyo ile kufuli, kwa fundi wa hapa, haikufunga nukta. Ilifunga mita moja na nusu ya usalama wake.

Sasa upande wa pili, ambao sitaki kuupitia juu juu, kwa sababu nadhani una nguvu kuliko marafiki zangu wanavyokubali. Mfaransa Jules Dupuit, mhandisi wa madaraja na barabara aliyekuwa pia mwanauchumi, aliandika mwaka 1849 kuhusu mabehewa ya daraja la tatu yasiyokuwa na paa. Watu walidhani kampuni za reli zinawabania maskini. Dupuit akasema hapana: paa lenyewe ni fedha kidogo sana. Wanaliacha ili yule anayeweza kulipa daraja la pili asishawishike kupanda la tatu. Maskini ananyeshewa ili tajiri aogope. Ukipanda treni ya reli ya kati, ukapita Manyoni na Itigi usiku ukiwa umekalia kona ya benchi, unaweza kumwelewa Dupuit bila kusoma ukurasa wake hata mmoja.

Lakini hoja yake ina ncha ya pili. Bila behewa lisilo na paa, pengine pasingekuwa na behewa la tatu kabisa. Mwenye fedha akilipia la kwanza ndipo treni inapatikana, na maskini anadandia gharama ambazo zimeshalipwa. Ndivyo na kamera. Utafiti, kihisio, lenzi ya gerimani, vyote vimelipiwa na makampuni makubwa yaliyonunua ile ya bei kubwa. E4 ya dola 1,000 iliwezekana kwa sababu E8 ililindwa. Mafundi wote wakifungua, mwakani hakuna wa kununua E8, na kamera ya bei rahisi inatoweka sokoni. Mpwa wangu atakuwa amepata macho kwa kuwanyima fundi wa Mkalama na fundi wa Ikungi hata ule ukungu.

Nimekaa na hoja hii siku nyingi. Siwezi kuitupa. Anayesema "makampuni yana fedha, waache walie" hajaijibu.

Kinachonizuia kuikubali yote ni kile kinachofungwa. Zipo kufuli ambazo naziona za haki kabisa, na tunaishi nazo. Mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambayo M-KOPA waliianza Kenya mwaka 2012 na wengine wakaileta kwetu, ina kufuli kali kuliko ya kamera: usipolipa, taa inazimika huku betri imejaa na jua linawaka juu ya paa lako. Mwanzoni niliona ni ukatili. Baadaye nikaona ni mkopo, na kufuli ndiyo dhamana. Unaijua kabla hujachukua, na siku deni linapokwisha inafunguka, mtambo ni wako. Mambo hayo mawili, kujua na kumalizika, yapo hata kwenye desturi ya kukabidhiana ng'ombe ambayo wafugaji wa mikoa ya kati wanaifahamu. Unakaa na ng'ombe wa mwenzako, unakunywa maziwa, unapata samadi, ndama ni wa mwenyewe. Hakuna anayelalamika kwamba ana ng'ombe nusu, kwa sababu mipaka ilisemwa kwa mdomo mbele ya watu.

Mtu mmoja alinipa mfano wa ng'ombe aliyeuzwa na chuchu mbili zimefungwa kamba, uongeze fedha ndipo zifunguliwe. Mfano mtamu, na nimeshausikia ukirudiwa kijiweni. Naukataa. Chuchu zikifungwa ng'ombe anaumia, kwa hiyo unakubali kabla ya kufikiri. Kamera haiumii. Mfano unaokufanya ukasirike kabla hujapima ni kama kamera ya nukta 80: unakupa wastani.

Mfano ulionitesa zaidi unatoka Iramba, kwenye dhahabu ya Sekenke iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Unaweza kuwa na shamba Iramba, ukalima mtama miaka 30, na dhahabu iliyo chini ya jembe lako isiwe yako. Sheria yetu imetenganisha udongo unaolima na madini yaliyo chini yake. Ardhi yenyewe ni ya umma na Rais ni mdhamini. Kwa hiyo Mtanzania anayesema "nimenunua, kila kilichomo ndani ni changu" anasema jambo ambalo hata shambani kwake si kweli. Jibu la kwanza, lile la haraka, linaanguka hapo.

Ila tazama kilichopo kwenye mfano wa madini na kisichopo kwenye kamera. Sheria ya madini imeandikwa, inajulikana, inalalamikiwa bungeni, na mdhamini anashika kwa niaba ya wengine, mimi nikiwemo (angalau ndivyo ilivyoandikwa). Kufuli ya kamera inashikwa na muuzaji kwa niaba ya muuzaji. Kwenye boksi pameandikwa nukta 80 kwa 60, na hilo ni kweli. Hapajaandikwa kwamba kihisio kina zaidi. Katika biashara tumezoea kudai kasoro itajwe: ukiniuzia baiskeli yenye fremu iliyopasuka na hukusema, umenidhulumu. Sijawahi kusikia mtu akidai ubora utajwe. Labda ni kwa sababu hatukuwahi kufikiri kuna mtu atauficha.

Kuna kufuli nyingine ndani ya kamera hizohizo, niitaje ili nisionekane nachukia kufuli zote. Nyingi za bei nafuu zinaonyesha picha zisizozidi tisa kwa sekunde. Sababu kubwa ni kanuni za kuuza nje: kamera ya joto yenye kasi inaweza kulengea silaha, kwa hiyo serikali zinaibana. Hiyo mpwa wangu hana haja ya kuigusa, na angeniuliza ningemwambia aiache. Nati haikimbii.

Basi nikamwambia nini kuhusu ile nyingine?

Nilimwambia kwanza kwamba kunyimwa na kupunguziwa si kitu kimoja, hata kama mfukoni yanaonekana sawa. Asiyenipa paa kwa sababu paa ni ghali ameninyima. Anayelipa fundi apande juu kuling'oa paa ambalo tayari lipo amenifanyia jambo jingine. Kiti cha starehe, mziki kwenye gari, rangi nzuri ya picha ya harusi: apunguze apendavyo, auze kwa madaraja, simgombezi. Lakini pale anachopunguza ni umbali kati ya uso wa mtu na umeme, naona haki yake ya kupanga bei inaishia hapo, na mwenye kifaa anaweza kurudisha kilichong'olewa bila kuitwa mwizi. Hoja ya Dupuit bado inanidai. Najua kwamba tukifungua wote, kuna fundi wa kesho ambaye huenda akakosa. Nimelipima, na yule wa kesho nimemwona kwa ukungu. Huyu wa leo anasimama nusu mita kutoka kwenye fezi tatu hai.

Kisha nikamwambia kwamba hapo nilikuwa nimemjibu kuhusu mtengenezaji tu, na mtengenezaji ndiye mtu mdogo kuliko wote katika habari hii. Mkubwa ni mwenye kinu. Yeye hajui nukta. Anapokea karatasi yenye picha ya rangi ya chungwa na neno "sawa" au "hatari", na kwa karatasi hiyo anaamua kuzima mashine wiki nzima katikati ya msimu, au kuendelea kukamua huku vijana kumi wakiwa ndani. Kwenye ripoti ya mpwa wangu kuna mstari usemao "Kifaa kilichotumika". Akifungua kamera, mstari huo ataandika nini? Akiandika jina la kamera kama lilivyo kwenye boksi, picha hazitalingana na jina. Akiandika jina la ile ya bei kubwa, amesema uongo. Ukweli ni sentensi ndefu kidogo: kamera ya modeli fulani, programu yake imebadilishwa na fundi, picha zina nukta kadhaa, na mtengenezaji hahusiki na vipimo vya hali hiyo.

Nikamwambia aandike sentensi hiyo kabla ya kugusa faili. Ikimshinda kuandika, asifungue. Si kwa sababu ya kampuni ya ng'ambo. Kwa sababu akifungua kimyakimya atakuwa anamfanyia mwenye kinu kilekile alichofanyiwa yeye: kumuuzia kitu ambacho kilichomo ndani hakikusemwa.

Alinuna. Alisema wateja hawasomi mstari huo, na huenda ni kweli. Alisema akiuandika, fundi mwingine atamchafua kwa wateja kwamba anatumia kifaa kilichochokonolewa, na hilo nalo ni kweli kabisa. Ushindani wa mafundi hapa mjini tunaujua. Ukweli ungeweza kumgharimu kazi ambayo uongo usingemgharimu. Sikuwa na la kumfariji, na sikujaribu.

Siku tatu baadaye alinitumia sentensi yake kwenye simu, fupi kuliko yangu na nzuri zaidi. Kamera alikuwa bado hajaifungua. Sentensi alikuwa ameshamsomea mzee mwenye kinu, uso kwa uso, ofisini kwake. Mzee aliuliza swali moja tu: kwa hiyo mwaka jana ulikuwa huoni? Akamjibu kwamba, shikamoo mzee, mwaka jana aliona kwa kusogea karibu.

Mzee akataka aonyeshwe, karibu kiasi gani.